Pishi ya Kumi

Tuta la Kati lilikuwa limekwisha kitambo, na Tuta la Kusini limeliwa hadi nusu, ilipopigwa mbiu kwamba wanyama wa Bonde la Mchanga Mweusi watamchagua mbunge. Kiti kilikuwa kimoja. Waliokitaka walikuwa watatu: Kenge, aliyekuwa amekikalia vipindi viwili, Kunguru, aliyerudi kutoka mjini miezi michache nyuma na mifuko imejaa, na Bi Kanga, mweka hazina wa chama cha akina mama wa Mbuyuni, ambaye hata nyumbani kwake walidhani anatania.

Bonde hilo liko kati ya bahari na mlima wenye msitu wa kaya. Wenyeji waliishi kwa mikorosho, minazi na miembe, na mchanga wa matutani hawakuujali zaidi ya kuupandia mihogo. Ndipo akaja Muhanga kutoka ng'ambo. Aliutia mchanga kidogo kwenye sahani yenye maji, akaizungusha polepole. Mchanga mwepesi ukamwagika pembeni, chini zikabaki chenga nyeusi, nzito, zinazometameta. Aliwaambia kuwa korongo weupe wa kaskazini huzitafuta chenga hizo dunia nzima, kwa sababu zikishapikwa kwao hutoka unga mweupe ajabu, nao huupaka mbawa zao. Wenyeji walishangaa kwamba weusi ule ungezaa weupe. Walishangaa zaidi Muhanga aliposema yuko tayari kulipa.

Kwanza ilihesabiwa miti. Mkorosho kiasi hiki, mnazi kiasi hiki, mwembe kiasi hiki. Mavuno ambayo mkorosho ungetoa wajukuu wakiwa wazee hayakuingia kwenye hesabu, wala kivuli. Waliokuwa wakiishi juu ya matuta walihamishwa, wengine wakaenda mbali hata jirani zao wa jana wakapoteza habari zao. Kisha Muhanga akaelekeza maji ya mto kwenye tuta kwa nguvu, tuta likaporomoka, na mchanga ukaanza kusafiri kwenda bandarini mchana na usiku.

Baadaye ikapitishwa sheria, ikachongwa kwenye gome la mbuyu mbele ya kila mtu. Katika kila pishi kumi za mtama ambazo Muhanga angezitoa kwa ajili ya mchanga ule, saba zingekuwa za Simba wa bara, mbili za Ndovu mwenye kusimamia pwani ya kusini, na moja ya wenyeji wa matutani. Zote kumi zilipelekwa kwanza ghalani kwa Simba. Saba zikapata nafasi yake siku hiyo hiyo. Wenyeji walipoiulizia pishi ya kumi, Panya, karani wa ghala, aliwajibu kwa upole mkubwa: pishi ipo, hakuna aliyeila, ila kikapu cha kuibebea hakijasukwa. Kikapu hakisukwi hivi hivi, husukwa kwa kanuni. Kanuni zinaandikwa. Subirini.

Walisubiri. Tuta la Kati likaisha wakiwa wanasubiri.

Sasa nimseme Kenge, na nimseme kwa haki. Hakuwa mnyama mbaya wa kuzaliwa. Matanga hakuyakosa. Alijua majina ya watoto na maradhi ya wazee, na ukimpigia hodi usiku wa manane alifungua mlango. Ila palikuwa na jambo moja. Kila bonde la nchi ile lilipelekewa gunia la mtama kila mwaka kwa ajili ya watoto wanaosoma na madarasa yanayovuja. Gunia halikuwa la Kenge. Lilitoka kwenye jasho la wanyama wote, wa bara na wa pwani. Lakini lilipitia mkononi mwake, naye akajifunza kulifungua, kutia mtama kwenye vifuko vidogo, na kila kifuko kukipiga muhuri wa mkia wake.

Siku ya kugawa vifuko ilikuwa sikukuu. Watoto walipangwa uwanjani tangu jua linachomoza. Wageni walikaa hemani, kwenye viti vilivyoletwa asubuhi hiyo. Akina mama walivaa leso mpya zenye picha ya mkia, wakaimba mpaka sauti zikakauka. Kenge alifika saa saba. Mtoto alipoitwa, Kenge alishika upande mmoja wa kifuko na mtoto upande wa pili, na Kinyonga mpiga picha akageuza jicho. Kifuko hakikuachiliwa kabla ya picha. Mtoto mmoja wa Fuko, ambaye macho yake hayavumilii jua, aliambiwa mara tatu ayafungue, na mara tatu akayafumba, na watu wote wakamngoja pale na mkono wake umeganda kwenye kitambaa.

Bi Kanga alikuwa na mpwa kwenye mstari ule. Jioni alikifungua kifuko, akamimina mtama kwenye kibaba. Haukufika nusu. Hakusema kitu. Kesho yake alitoka na kibaba chake, akapita nyumba kwa nyumba pale Mbuyuni, akapima kila kifuko, akachora alama kwa kucha kwenye udongo na kuzijumlisha. Alitarajia kumkuta mwizi. Hakumkuta. Mtama ulikuwa karibu kutimia fungu la Mbuyuni katika gunia. Kilichokosekana ni jina la mwenye mtama. Hakuna kifuko hata kimoja kilichoandikwa kuwa ni mali ya waliokipokea.

Naisimulia hekaya hii nikiwa na Kwale, pwani ya Kenya, moyoni, na sioni sababu ya kumficha msomaji. Mgodi wa mchanga wa Kwale ulianza uzalishaji mwishoni mwa 2013, shehena ya kwanza ikaondoka Likoni Februari 2014, na uchimbaji ukakoma Desemba 2024. Kilichochimbwa ni ilimenaiti, rutaili na zirikoni, madini ambayo huishia kwenye rangi nyeupe za kuta na kwenye vigae vya nchi za mbali. Sheria ya Madini ya Kenya ya 2016 imegawa mrabaha waziwazi: asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti, 10 kwa jamii ya mahali panapochimbwa. Kwa miaka mingi baada ya sheria hiyo, viongozi na wakazi wa Kwale waliuliza hadharani fungu la jamii liko wapi, na jibu lilikuwa kwamba utaratibu wa kuligawa haujakamilika. Turkana, kwenye mafuta, sheria ya 2019 imeitengea jamii asilimia 5, na huko nako fungu hilo limekuwa likizungumzwa majukwaani kuliko kushikwa mkononi.

Upande wa pili upo mfuko wa maendeleo wa maeneo bunge. Ulianzishwa mwaka 2003, na sheria ya 2015 ikautengea si chini ya asilimia 2.5 ya mapato ya serikali ya kitaifa. Basari inayotoka humo ni kodi ya mchuuzi wa Ukunda, ya mvuvi wa Gazi, ya bodaboda anayenunua petroli Kinango. Lakini kaa barazani usikilize: mheshimiwa kanisomeshea mwanangu, mheshimiwa katujengea darasa. Nimesikia shukrani hizo zikitolewa kwa machozi ya kweli, na ndizo zilizonifanya niwakusanye wanyama hawa. Mali yako ikikufikia ikiwa na muhuri wa mwingine, utamshukuru mtu uliyepaswa kumdai hesabu, na siku ya kura utamlipa kwa deni ambalo yeye ndiye anayedaiwa.

Turudi bondeni. Kunguru hakuja na vifuko. Alikuja na kazi. Kila mkutano alisema neno moja, na aliporudi tena alilisema lile lile: getini kwa Muhanga wanaandikwa wageni, na mimi nikichaguliwa kila nyumba itatoa mchimbaji. Vijana walimpenda. Ngedere waliruka mbele ya msafara wake kutoka mti hadi mti, wakivunja matawi na kupiga miluzi, na kila aliyepiga miluzi alipewa kitu mfukoni jioni. Mkutano wake mkubwa kuliko yote aliufanyia pale pale getini, na kwa kuwa hapakuwa na jukwaa, alitua juu ya ubao wa matangazo. Kwenye ubao ule, chini ya kucha zake, Muhanga alikuwa amebandika tangazo tangu kiangazi: mchanga wa Tuta la Kusini unatosha msimu mmoja tu, kisha kazi itafungwa. Mvua ilikuwa imelilowesha tangazo lakini herufi zilisomeka. Kunguru aliahidi ajira kwa saa nzima akiwa amelikanyaga.

Kenge naye tangazo alilijua. Hakulitaja hata mara moja, kwa sababu kulitaja kungeleta swali la pishi ya kumi, na pishi ya kumi ingeuliza alikuwa wapi vipindi viwili. Badala yake akataja ukoo. Huyu Kunguru, alisema, si wa hapa. Babu zake waliletwa Unguja kwa meli, hawana kaburi bondeni. Kunguru akajibu kuwa Kenge ni wa majini, nchi kavu anaijulia wapi? Baada ya wiki moja hapakuwa tena na hoja ya mchanga wala ya mtama. Palikuwa na wa magamba, wa mabawa na wa manyoya. Wazee wa kila upande walikaa usiku wakihesabu vichwa. Fuko, ambaye amechimba maisha yake yote na ndiye aliyekuwa na la kupoteza kazi itakapofungwa, aliulizwa kitu kimoja tu: wewe manyoya yako ni manyoya kweli?

Katika hesabu hiyo Bi Kanga akaonekana kuwa tatizo. Ana mabawa. Ujumbe wa wazee ukapelekwa kwake, ukiongozwa na Bundi.

"Mwanangu," alisema Bundi baada ya kupewa maji, "sisi hatukukatazi. Lakini kura za mabawa zikigawanyika, kiti kinarudi majini. Mpishe Kunguru. Amesema atakukumbuka. Upo ujumbe kwenye kamati ya vifuko."

"Mzee wangu, kamati hiyo hugawa mtama wa nani?"

"Wa mheshimiwa atakayekuwepo."

"Basi hapo ndipo tulipoachana. Na mimi sikuingia kwenye jambo hili kwa mabawa, mzee. Hata kuruka kwenyewe siruki sana."

Bundi aliondoka akisema mwanamke huyu hana adabu, jambo ambalo halikuwa kweli, kwa maana alimsindikiza mpaka njia panda.

Mikutano ya Bi Kanga ilifanyika chini ya mbuyu. Hapakuwa na ngoma. Aliwaonyesha sheria iliyochongwa kwenye gome, akaisoma herufi kwa herufi kwa wale wasiojua kusoma, kisha akawaonyesha alama zake udongoni: msimu huu Muhanga alitoa kiasi hiki, pishi yetu ni kiasi hiki, msimu uliofuata, kiasi hiki. Aliwasomea pia tangazo la getini. Akasema, "Mimi sitawapa kitu. Nawaomba mnitume nikakidai chenu, na nikirudi mnipime kwa kibaba hiki hiki."

"Tutakula hesabu?" aliuliza Panyabuku kutoka nyuma, na mkutano mzima ukacheka.

Wapo watakaosema kicheko kile kilikuwa ujinga wa wapiga kura. Sikubali. Anayecheka vile amekwisha kuahidiwa mambo mengi na waliojua kusema vizuri, na hesabu ni mojawapo ya mambo hayo. Njaa ya leo jioni haijibiwi na pishi iliyolala ghalani kwa Simba. Bi Kanga mwenyewe alilijua hilo, na lilimuumiza kuliko kicheko. Alfajiri ya siku ya kura ndipo alipolikuta uso kwa uso.

Usiku huo vijana wa Kunguru walipita na mchele, kibaba kimoja kila nyumba, na vijana wa Kenge wakapita nyuma yao na chumvi na sukari. Alfajiri Bi Kanga alipokwenda kumjulia hali Bi Paa, mjane anayekaa ukingoni mwa shimo, aliikuta sufuria mekoni.

"Hodi, mamangu. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Usiniangalie hivyo." Bi Paa alichochea moto bila kuinua kichwa. "Hesabu yako naielewa. Niliielewa siku ile ya kwanza. Lakini jana wajukuu walikuwa wamelala na maji matupu, na yule kijana aliniambia niape kwa Mungu nitampa Kunguru. Nikaapa. Ulitaka nifanyeje?"

Bi Kanga alikaa kwenye kibao cha mbuzi, akanyamaza kitambo.

"Kula, mamangu. Wape na watoto wale. Mchele ule ni wako. Umetoka kwenye kile kile kilichotoka ardhini mwako. Hukununuliwa. Umerudishiwa chembe."

"Na kiapo?"

"Kiapo alichokuapisha mtu aliyeshika chakula cha mtoto mbele ya macho yako, mimi sijui Mungu anakipokeaje. Hilo ni lako na Yeye. Mimi sikuja kukuomba kura asubuhi hii. Nilikuja kuona kama umeamka salama."

Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya Kenya, ya mwaka 2016, inamtia hatiani anayetoa hongo na anayeipokea. Najua kwa nini iliandikwa hivyo. Lakini nikimfikiria ajuza aliyetembelewa usiku na gunia la mchele, na nikimfikiria mwenye gunia, siwezi kuwaweka kwenye benchi moja kwa uzito mmoja. Mmoja alikuwa na njaa, na mwingine aliihesabu njaa hiyo akaiwekea bei.

Kura zikapigwa. Kila mnyama alitia kokoto katika kibuyu kimoja kati ya vitatu, vibuyu vikavunjwa mchana kweupe, na matokeo ya kila kituo yakabandikwa kwenye shina la mti wa kituo hicho ili kila mtu ayaone. Kunguru alishinda. Kenge alimfuata kwa karibu, akaenda kushtaki kwa Simba, na kesi ikaisha bila kubadili kitu. Bi Kanga alikuwa wa tatu, mbali sana. Lakini pale Mbuyuni, kituo kilicho karibu kuliko vyote na shimo, mahali ambapo vifuko vilipimwa mbele ya wenyewe, aliwapita wote wawili. Kokoto ya Bi Paa iliingia kibuyu gani, hakumwambia mtu.

Msimu ukaisha. Siku moja asubuhi maji hayakufunguliwa kwenye tuta. Muhanga aliwaita mafuko na panyabuku, akawalipa haki zao za mwisho, akawapa barua za kuwasifu kwa kazi nzuri, na milango ikafungwa. Kunguru alikuja mbio na orodha ndefu ya majina ya vijana wa kuandikwa kazi. Mlinzi aliichukua, akaikunja kwa heshima, akamrudishia.

Mheshimiwa Kunguru hakukosa la kusema. Aliinua bawa akaonyesha mlima wenye msitu wa kaya. Chini ya miti ile, alisema, kuna mawe yenye thamani kuliko mchanga wote uliokwenda. Wazee wa kaya walimtazama tu. Kwale wanaujua wimbo huo: Mlima Mrima, wenye kaya yake na madini adimu chini yake, umeshawahi kutolewa leseni, na serikali ikaifuta mwaka 2013. Kila tuta likiisha, kuna mtu atakayeinua bawa kuonyesha mlima.

Ndipo Kunguru naye akageukia vifuko. Gunia la mwaka lilifika, akalifungua, na kwenye kila kifuko akapiga muhuri wa unyoya. Siku ya kugawa akaenda Mbuyuni kwanza, ili kuwalainisha waliomnyima. Hema lilikuwepo, viti vilikuwepo, Kinyonga alikuwepo. Akina mama hawakuimba. Mtoto wa kwanza alipopokea kifuko, bibi yake alikichukua, akakimimina kwenye kibaba mezani, mbele ya wageni. Bi Kanga akatamka kwa sauti: "Kutoka gunia la wanyama wote. Nusu kibaba kasoro. Amepokea mtoto wa Fuko." Mwingine akaandika kwenye ubao. Mtoto wa pili, hivyo hivyo. Kunguru alijaribu kucheka, akajaribu kuhutubia. Kibaba kiliendelea kujaa na kumiminwa. Hakuna aliyemtukana. Kufikia alasiri majina yote yalikuwa ubaoni, na jumla yake ikawekwa mbele yake atie sahihi.

Vijiji vingine vikasikia. Mwaka ule vibaba viliadimika madukani.

Kisha wakamwita barazani, wakamuuliza swali la pishi ya kumi, naye akajibu lile ambalo Kenge alikuwa akijibu, ambalo Panya alikuwa akijibu: kikapu hakijasukwa. Akina mama wakatazamana. Walikuwa wakisuka miyaa tangu wakiwa wasichana. Hakuna mkeka wala jamvi bondeni lisilotoka mikononi mwao. Baada ya siku kadhaa wakamletea kikapu chenye mishikio miwili, ukili umebanwa mpaka hautoi hata punje, na ndani umesukwa mstari mwekundu kila pishi moja inapofika.

"Hiki hapa, mheshimiwa. Kanuni zimo humo ndani. Mstari ni pishi."

Kunguru alilazimika kukipeleka bara, na hakwenda peke yake, kwani Bi Kanga na wenzake wawili walipanda gari lile lile na kukaa kiti cha nyuma yake. Panya alikizungusha kikapu, akakisifu, akatafuta kasoro, hakuiona. Akasema: vizuri sana, lakini pishi hii ni ya wenyeji. Wenyeji ni nani? Leteni orodha.

Swali hilo lilikuwa zito kuliko la kikapu, na Panya alijua. Lilipofika bondeni liliwagawa watu usiku ule ule. Wanaoishi ukingoni mwa shimo walisema ni sisi tuliovuta vumbi. Wanaoishi njia ya bandarini walisema ni sisi tuliotikiswa nyumba. Na wale waliohamishwa kutoka juu ya matuta, ambao sasa wanaishi mabonde mengine na watoto wao wanazungumza lafudhi nyingine? Wengine walitaka wasahauliwe ili kibaba kiwe kikubwa. Bi Kanga alikataa kabisa. Alisema bila wao hapangekuwa na shimo, na akaondoka na vijana wawili kwenda kuwatafuta, familia moja baada ya nyingine, akiuliza njiani kwa majina ya mababu. Orodha akamwachia Bi Paa, ambaye kusoma na kuandika alijifunzia chamani akiwa tayari ana wajukuu.

Bi Paa alitandika jamvi chini ya mbuyu, akaanza kuandika. Jina, jina la baba, mahali nyumba ilipokuwa kabla tuta halijachimbwa, watoto wangapi. Ubishi ulikuwa mwingi. Kunguru alituma ujumbe akiomba jina lake liwe la kwanza, akaambiwa aje mwenyewe na shahidi wa mahali alipozaliwa. Siku ya tatu, mstari ukiwa umefika hadi barabarani, alikuja Kenge. Hakuwa na msafara. Alijipenyeza kufika mbele, kwa mazoea, mpaka mbele ya jamvi.

"Jina?" aliuliza Bi Paa.

"Bi Paa, wewe si wanijua?"

"Nakujua, baba. Daftari ndilo lisilokujua. Jina?"

Kenge akataja jina lake, na la baba yake, na mkorosho uliokuwa mbele ya nyumba yao. Bi Paa aliandika taratibu, herufi zake kubwa.

"Watoto?"

"Wanne."

"Na mama watoto na wewe, sita. Fungu lenu litakuwa la vichwa sita, sawa na la Fuko. Umempita njiani, yeye yumo kwenye mstari tangu alfajiri. Nenda ukasimame nyuma yake, nitakuita uje uweke kidole."

Kenge hakuondoka mara moja. "Na hiyo pishi yenyewe," alisema, "itatoka lini?"

"Swali hilo tulikuuliza wewe vipindi viwili, baba," alisema Bi Paa, akageuza ukurasa. "Anayefuata!"